Mawe hai: subirini yavue ngozi kwanza

Poleni na baridi ya mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Sasa jua la Osire limeanza kurudi, na watoto wamerudi darasani baada ya likizo. Mwezi huu ukurasa wetu wa mimea unazungumzia ile mikebe ya mawe hai ambayo watoto wa kikundi cha jioni waliibeba nyumbani likizo ilipoanza.

Tumeona tuandike mapema kwa sababu mikebe hiyo iko hatarini. Katika wiki hizi mbili wazazi kadhaa wametusimamisha njiani na kutuuliza neno lile lile: "Mwalimu, ile kitu ya mtoto imekunjamana, iko inakufa. Nimwagie maji?" Mtoto mmoja alikuja mbio na machozi: "Mwalimu, jiwe yangu inakufa!" Kwa wote jibu letu ni moja: hapana, bado. Haliko linakufa. Liko linavua ngozi. Lakini ukilimwagia maji mengi leo, linaweza kuoza ndani ya siku chache, na kazi ya mwaka mzima ya mtoto itapotea.

Tunajua kwa nini mkono unakimbilia maji. Kwetu Kivu, na kwa ndugu zetu wa Burundi pia, mwezi wa tisa ndio mwezi wa kushika jembe. Mvua inaanza, mtu anaingiza maharage na mahindi ardhini. Mkono umezoea: mmea ukinyauka, upe maji. Hapa Namibia mwezi wa tisa bado ni mkavu, na mmea huu una desturi zake. Ni lazima tujifunze upya.

JIWE HAI NI NINI?

Ni mmea mdogo wenye majani mawili tu, manene, yaliyoshikana, na katikati kuna mstari kama mdomo uliofungwa. Rangi yake ni ya kokoto za mahali unapoota: kijivu, kahawia, nyekundu ya udongo. Wataalamu wanauita Lithops, jina lililotoka kwenye Kigiriki, maana yake kitu chenye sura ya jiwe. Watu wa hapa wanaosema Kiafrikana wanauita beeskloutjie, yaani kwato ndogo za ng'ombe. Angalia vizuri, utaona kweli: ni kama ukwato uliopasuka katikati.

Kwao ni Namibia na Afrika Kusini, na kidogo Botswana. Aina zake ni karibu 40. Iko aina inayoota kwenye vilima vya pande za Windhoek, kama kilomita 200 na zaidi kutoka hapa kwetu. Hiyo hutoa maua ya njano wakati wa kiangazi cha joto, kabla ya wenzake. Iko nyingine inayoishi jangwani pande za Swakopmund, mahali ambapo mvua karibu haipo na ukungu wa bahari ndio unaoleta unyevu.

Mzungu wa kwanza kuuandika alikuwa Mwingereza William Burchell, mwaka 1811, karibu na Prieska huko Afrika Kusini. Aliokota kitu akidhani ni kokoto yenye umbo la ajabu, kumbe ni mmea. Wachungaji wa nchi hizo bila shaka walikuwa wameshauona zamani, maana mtu anayetembea nyuma ya mbuzi kila siku anajua ardhi yake. Mwaka 1922 mtaalamu N. E. Brown aliupa jina la Lithops. Na aliyeuchunguza kuliko wengi alikuwa mwalimu wa lugha, si mwalimu wa mimea: Desmond Cole, aliyefundisha lugha za Kiafrika chuo kikuu Johannesburg na kuandika kitabu cha sarufi ya Kitswana. Yeye na mke wake Naureen walisafiri miaka mingi, wakaandika mahali karibu 400 ambapo mawe hai yanaota, kila mahali na namba yake. Tunawaambia watoto habari hiyo ili wajue kwamba mtu yeyote mwenye daftari na subira anaweza kujua kitu vizuri.

KWA NINI LINAKUNJAMANA SASA?

Jiwe hai linabadilisha majani yake kila mwaka. Wakati wa baridi, majani mawili mapya yanakua ndani, katikati ya yale ya zamani. Hayo mapya hayategemei maji ya udongo. Yananyonya maji na chakula kilichowekwa ndani ya majani ya zamani. Kwa hiyo ya zamani yanalegea, yanakunjamana, yanasinyaa, na mwisho yanakauka kama karatasi. Hapo mapya yanatokea katikati, safi na magumu.

Ukimwaga maji kazi hiyo ikiendelea, majani ya zamani yanashiba tena na kukataa kukauka. Mapya yanabanwa. Wakati mwingine unapata majani mawili juu ya majani mawili, kama ghorofa. Wakati mwingine maji yanabaki kwenye udongo wa baridi, mizizi inaoza, na siku unayogusa mmea unakuta umekuwa laini kama ndizi iliyoiva sana. Huo hauponi tena.

Basi leo jioni kaeni na mtoto, mchukue mkebe, mwangalie pamoja. Bonyezeni jani la nje taratibu kwa kidole.

Kama jani la nje bado ni nene au linabonyea, hata kama limekunjamana: msiweke maji. Rudisheni mkebe juani, mtazame tena baada ya wiki.

Kama jani la nje limekauka kabisa, linafanya sauti ya karatasi, na la ndani ni gumu: sasa wakati umefika. Mpe maji kidogo ya kwanza, kama vijiko vitatu vya chakula kuzunguka mmea. Baada ya wiki mbili mnaweza kumpa maji kamili.

Msivute ile ngozi kavu kwa nguvu. Watoto wanapenda kuimenya kama karanga, lakini wakivuta kabla ya wakati wanachana jani jipya. Itatoka yenyewe.

MAJI YA MWAKA MZIMA

Maji kamili maana yake ni kumwagia udongo mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini ya mkebe, halafu kuacha mpaka udongo wote ukauke mpaka ndani, kisha kungoja tena siku kadhaa. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ndiyo njia mbaya kuliko zote. Ili kujua kama ndani pamekauka, chomeka kijiti chembamba pembeni, karibu na ukuta wa mkebe. Kikitoka na udongo umeganda juu yake, bado pana unyevu.

Kalenda yetu ya hapa ni hii. Ikateni muibandike ukutani.

Mwezi wa 9: angalia ngozi kwanza, kama tulivyosema.

Mwezi wa 10 na wa 11: maji kamili kila baada ya wiki mbili au tatu.

Mwezi wa 12, wa 1 na wa 2: joto ni kali, mmea mara nyingi unapumzika. Maji kidogo kila baada ya wiki tatu au nne, jioni, si mchana. Hiyo ni miezi ya mvua pia, basi wekeni mkebe chini ya ukingo wa paa usijae maji.

Mwezi wa 3 mpaka wa 5: maji kamili kila baada ya wiki mbili hivi. Ni wakati wa kukua, na aina nyingi hutoa maua wakati huo, ya njano au meupe. Ua hutoka kwenye ule mdomo wa katikati, hufunguka mchana na kufunga usiku.

Mwezi wa 6 mpaka wa 8: hakuna maji. Hata kijiko.

Hesabuni wenyewe: kwa mwaka mzima ni kama mara kumi na mbili au kumi na tano. Kikombe kimoja kinatosha mkebe mmoja kila mara. Tunasema hivyo kwa sababu mama mmoja alilalamika, na alikuwa na haki, kwamba maji ya kidumu ni ya kupika na kuoga watoto, si ya kumwagia mawe. Mama, jiwe hai halitakuibia maji yako. Lakini usilipe maji ya sabuni wala maji ya chumvi yaliyobaki kwenye sufuria.

Mwanga nao ni muhimu. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo halitaishi vizuri. Liwekeni nje mahali linapopata jua la asubuhi saa nne au tano, na mchana wa kiangazi lipate kivuli kidogo. Liwe juu, kuku asilidonoe na mbuzi asilifikie.

KUHAMISHA KWENYE MKEBE MPYA

Mimea mingi ya watoto iko kwenye vikopo vidogo vya nyanya, na mizizi imejaa. Kipindi cha kuhamisha ni hiki, mara tu ngozi inapokuwa imekauka, kabla joto halijakolea. Msihamishe wakati wa baridi, wala wakati ua limetoka. Mmea ukishapata mkebe mzuri hauhitaji kuhamishwa tena kwa miaka kadhaa.

Kwanza, mkebe. Jiwe hai ni fupi juu lakini mzizi wake ni mrefu. Tafuteni mkebe wenye kina cha sentimita 10 au zaidi. Kopo la maziwa ya unga linafaa. Toboeni matundu matano au sita chini kwa msumari, na mpigepige ncha zake kali zisikate watoto.

Pili, udongo. Chukueni sehemu tatu za mchanga mnene wenye kokoto ndogondogo na sehemu moja ya udongo wa kawaida. Ule mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo haufai, ukilowa unashikamana kama simenti. Chekecheni, mchukue zile chembe zenye ukubwa wa punje ya mtama na uwele. Zioshweni mpaka maji yatoke safi, zianikwe juani. Samadi msiweke, hata kidogo. Tunajua kwenye mchicha na sukuma samadi ni dawa, lakini jiwe hai limezoea ardhi maskini. Likipewa chakula kingi linavimba na kupasuka.

Tatu, kutoa. Udongo wa zamani uwe mkavu. Gongeni pembeni za kopo, mlilaze, mmea utoke na udongo wake. Msiuvute kwa kichwa. Pukuteni udongo taratibu, mwangalie mizizi. Mizizi iliyokauka kabisa kama uzi au iliyooza, ikateni kwa wembe safi, mzazi ndiye akate. Kama mmekata mizizi, lazeni mmea kivulini, juu ya karatasi, siku tatu mpaka tano ili kidonda kikauke. Usiogope, hautakufa. Mmea huu unaweza kukaa bila udongo siku hizo zote.

Nne, kupanda. Tieni udongo nusu ya mkebe, msimamishe mmea katikati, mizizi ielekee chini bila kukunjwa, kisha mjaze pembeni. Mahali mizizi inapokutana na mwili pafunikwe, lakini mabega ya mmea yawe nje. Porini wenyewe unazama mpaka uso tu unaonekana, na mwanga unaingia kupitia ule uso wa juu kama kioo cha dirisha mpaka kwenye sehemu za kijani zilizo chini. Kwenye mkebe ni afadhali ukae juu kidogo, usije ukaoza shingo. Juu ya udongo wekeni kokoto safi. Watoto wachague kokoto zinazofanana na mmea, halafu waite jirani atafute liko wapi.

Tano, kungoja. Baada ya kupanda msimwage maji wiki nzima. Wekeni mkebe kivulini chenye mwanga, halafu rudisheni juani polepole kwa muda wa wiki mbili. Mmea uliotoka kivulini ukapelekwa jua kali siku moja unaungua, na alama yake ni nyeupe kama kovu la moto.

MASWALI YENU

Baba mmoja anauliza: "La mwanangu limerefuka kama kidole gumba. Ni zuri hivyo?" Hapana, baba. Linatafuta mwanga. Lipelekeni nje kidogo kidogo. Majani hayo hayatarudi kuwa mafupi, lakini yale ya mwaka ujao yatakuwa sawa.

Dada mmoja anauliza: "Limepasuka ubavuni, nifunge na kitu?" Usifunge. Lilikunywa maji mengi mara moja. Acheni mkebe ukauke kabisa. Ufa utakauka, na majani hayo yatavuliwa wakati wa baridi.

Mama mmoja anasema lake lina majani juu ya majani. Mama, lilipata maji wakati wa baridi, labda mvua ya bahati mbaya au mtoto mwenye huruma. Lisipewe maji mpaka ya nje yakauke, hata ikichukua mwezi mzima au miwili.

Bibi mmoja ametuuliza kwa ukali kidogo: "Ninyi walimu, hii inaliwa? Ni dawa? Basi mnaipanda ya nini?" Shikamoo bibi. Hatuipandi kwa chakula wala kwa dawa, na watoto wadogo wasitie mdomoni. Tunaipanda kwa sababu ya daftari. Kila Ijumaa mtoto anaandika tarehe, anachora mmea, anapima upana wake kwa rula, na anaandika kama alitia maji au hakutia. Mtoto aliyekuja kwetu hajui kuandika sentensi moja sasa anaandika nne, kwa sababu ana kitu chake cha kuandika. Na kuna jambo lingine. Watoto wetu wamezoea kungoja kusiko na mwisho: kungoja jina kwenye orodha, kungoja jibu, kungoja gari. Hapa wanangoja kitu ambacho wanajua kitafika, na wanaweza kukihesabu kwa wiki. Mwezi uliopita mtoto mmoja aliandika kwenye daftari: "Leo sikufanya kitu. Ni sawa." Tulimpa alama zote.

NENO KWA VIJANA, NA KWA FAMILIA ZINAZOSAFIRI

Mawe hai yetu yalinunuliwa na mgeni mmoja kwenye bustani ya miche mjini, na risiti tumeiweka. Porini hakuna ruhusa ya kuchukua hata moja. Sheria ya Namibia ya kuhifadhi viumbe ya mwaka 1975 inalinda mimea hii, na kuichimba, kuiuza au kuisafirisha bila kibali ni kosa. Miaka hii ya karibuni mimea ya aina hii inaibwa sana Namibia na Afrika Kusini, inapelekwa kuuzwa nchi za mbali. Wanaokamatwa na mifuko mkononi mara nyingi ni vijana maskini waliotumwa, wakati mnunuzi hayupo.

Kwa hiyo, kijana, mtu akija na picha kwenye simu akasema "nitafutieni haya, nitawalipa kwa kila moja", kataa, na umwambie mzee unayemwamini. Sisi tunatoka kambini kwa kibali na tunakaa hapa kwa karatasi. Kesi ya namna hiyo inaweza kuvuruga maisha ya familia nzima. Na ardhi nayo inaumia: jiwe hai linakua polepole, jozi moja ya majani kwa mwaka, na kilima kilichochimbwa leo mtoto wako hatakiona kimejaa tena.

Familia inayopata safari, iwe ya kurudi nyumbani au ya kwenda nchi nyingine, isifunge mkebe ndani ya mzigo. Kuvusha mmea huu mpaka kunahitaji karatasi zake. Leteni kwetu, tutaukabidhi kwa mtoto mwingine pamoja na daftari, na jina la mtoto wa kwanza litabaki limeandikwa kwenye mkebe.

Kama mnataka mawe hai zaidi, njia iko: mbegu. Inahitaji mimea miwili tofauti yenye maua wakati mmoja, chavua ya moja ipelekwe kwenye nyingine kwa manyoya laini au na wadudu wenyewe. Tunda lake dogo likikauka linajifunga kabisa, na likidondoshewa tone la maji linafunguka mbele ya macho yenu ndani ya dakika chache ili mvua ibebe mbegu. Likikauka linafunga tena. Tutaonyesha hilo darasani maua yakishapita, na wazazi mnakaribishwa.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tutahamisha mimea pamoja, saa tisa alasiri, chini ya mti wa darasa letu. Kila mtoto aje na mkopo mmoja mrefu uliotobolewa, kokoto zilizooshwa kikombe kimoja, na daftari lake. Udongo tutachanganya sisi. Ambaye ngozi ya jiwe lake haijakauka asihuzunike, aje aangalie wenzake. Zamu yake itafika.

Mpaka siku hiyo, kidumu cha maji kikae jikoni.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, kikundi cha jioni.